Nyama Ngumu Hulainishwa Kabla ya Friza: Mwongozo Kamili wa Kulaza, Kugandisha na Kuyeyusha Nyama Isiyo na Mafuta

Nyama ya mnyama wa porini na nyama ya mbuzi aliyezunguka miaka yote katika mawe ya Baringo zina tabia moja: misuli yake imefanya kazi nyingi, mafuta ndani yake ni haba, na mpishi anayeipika kama nyama ya ng'ombe aliyenoneshwa hupata chakula kigumu na kikavu. Wengi hulaumu umri wa mnyama au hulaumu bucha, ilhali mara nyingi ugumu huo umetengenezwa katika saa 24 za kwanza baada ya kuchinja, nyama ilipotiwa kwenye friza ikiwa bado ina joto la mwili. Utaratibu unaofaa ni kuipumzisha nyama kwanza kwenye baridi, yaani kuilaza, kuigandisha baadaye, na kuiyeyusha polepole. Anayeufuata utaratibu huo hahitaji kifaa cha bei, isipokuwa vipimajoto vidogo, cha friji na cha kuchomeka ndani ya nyama, na subira ya siku mbili au tatu.

Nyama inayohusika

Sheria itangulie. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamwadhibu anayewinda wanyamapori kwa ajili ya nyama na pia anayefanya biashara ya nyama hiyo. Kwa hiyo hakuna hatua hata moja katika mwongozo huu inayomhusu swala au nyati aliyenaswa kwa mtego. Zaidi ya sheria, kuna ugonjwa: mwaka 2015 kimeta kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, na vijidudu vya kimeta haviuawi na barafu. Nyama inayouzwa gizani bila muhuri wa mkaguzi inaweza kuwa imetoka kwa mnyama aliyejifia, na hakuna ustadi wa jikoni unaoweza kuirekebisha nyama ya namna hiyo.

Nyama ya asili ya porini inayopatikana kwetu kwa njia halali ni hasa ya ndege wanaofugwa kwa leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS: mbuni, kanga, na kware ambaye Wajaluo humwita aluru. Pamoja na hao, ninamhesabu mbuzi wa Baringo na Pokot anayeletwa masoko ya Nakuru, ng'ombe wa maziwa aliyezeeka huko Njoro au Molo, sungura, na kuku wa kienyeji aliyekwisha kutaga misimu mingi, kwa kuwa nyama yao ina tabia zile zile za nyama ya mawindo. Msomaji aliye katika nchi ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa, kama Namibia, Afrika Kusini au Marekani, anaweza kutumia vipimo vya mbuzi kwa swala na paa wadogo, na vipimo vya ng'ombe kwa wanyama wakubwa.

Yanayotokea ndani ya misuli

Mnyama akishachinjwa, damu huacha kuipelekea misuli oksijeni, lakini misuli haizimiki papo hapo. Huendelea kutumia sukari iliyojihifadhi ndani yake, iitwayo glikojeni, na katika kuitumia hutoa asidi laktiki, hivyo kipimo cha pH hushuka kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.8. Akiba hiyo ya nguvu ikiisha, nyuzi za misuli hushikana na nyama hukakamaa. Kwa kuku jambo hili hutokea ndani ya saa chache, kwa mbuzi huchukua takriban saa 6 hadi 12, na kwa ng'ombe mkubwa linaweza kufika saa 24. Nyama inayopikwa katikati ya kukakamaa huko huwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo sababu mbuzi anayechinjwa asubuhi na kuchomwa adhuhuri huwachosha wageni taya.

Baada ya kukakamaa huanza kazi yenye manufaa. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe, hasa kile kiitwacho kalpaini, huanza kukatakata nyuzi mahali zinapoungana, na nyama hulegea siku hadi siku. Kazi hiyo huendelea hata katika ubaridi wa digrii 0 hadi 4 za Selsiasi, japo polepole, na sehemu yake kubwa hufanyika katika siku za mwanzo. Nyama ikigandishwa, kazi inasimama. Hapo ndipo penye uzito wa jambo zima: friza huihifadhi nyama katika hali iliyoikuta nayo, kwa hiyo nyama iliyoingia ikiwa ngumu hutoka ikiwa ngumu, na wakati mwingine hutoka ikiwa ngumu zaidi.

Hutoka ikiwa ngumu zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza ilielezwa na watafiti wa New Zealand, Locker na Hagyard, mwaka 1963: misuli ikipozwa upesi hadi chini ya takriban digrii 10 kabla haijakakamaa, ubaridi wenyewe huifanya ijikaze na kufupika, na ufupi huo haufunguki tena kwa urahisi. Mbuzi, sungura na ndege wako hatarini kuliko ng'ombe, kwa kuwa miili yao ni midogo na haina blanketi la mafuta la kuuzuia ubaridi usiingie haraka. Sababu ya pili hujitokeza wakati wa kuyeyusha. Nyama iliyogandishwa kabla ya kukakamaa bado ina akiba yake ya nguvu. Barafu inapoyeyuka, nguvu hiyo huachiliwa kwa mkupuo, na kipande kilichotolewa mfupani kinaweza kujikunja hadi chini ya nusu ya urefu wake huku kikimwaga maji mengi. Anayeona kipande cha paja kikigeuka kuwa donge dogo ndani ya bakuli la maji mekundu huenda akadhani ameuziwa nyama mbaya, kumbe iligandishwa mapema mno.

Kabla ya kisu

Mnyama aliyekimbizwa, aliyelala njaa ndani ya lori au aliyepigwa na jua sokoni huchinjwa akiwa amekwisha kutumia glikojeni yake. Asidi haitoshi kuzalishwa, pH hubaki juu ya 6, na nyama huwa nyeusi, yenye kunatanata, na huharibika mapema hata ikiwekwa kwenye baridi. Wawindaji wa nchi nyingine huliona jambo hili katika mnyama aliyefukuzwa na mbwa kwa muda mrefu. Sisi huliona kwa mbuzi aliyetoka mbali na kuchinjwa saa ile ile aliposhushwa. Mbuzi wako akifika nyumbani, mfunge kivulini, umpe maji ya kutosha na majani, umwache atulie usiku mzima. Saa chache kabla ya kuchinja aondolewe majani lakini aendelee kupewa maji, kwa kuwa tumbo lililojaa hupasuka kwa urahisi na kuchafua nyama. Nyama nyeusi yenye kunatanata usiilaze kabisa. Ipike siku hiyo.

Saa za kwanza: kupoza bila kushtua

Hatua hii inawahusu wanaochinja wenyewe au wanaoagiza mbuzi mzima kwenye machinjio yenye mkaguzi. Mnyama akishachunwa na kutolewa matumbo, na mkaguzi akishaikagua nyama, ifutwe kwa kitambaa safi pale palipochafuka badala ya kumwagiwa ndoo za maji, kwa sababu nyama kavu kwa nje huwapa vijidudu nafasi ndogo ya kuzaliana. Utando mwembamba uliofunika nyama uachwe mahali pake. Usimkate mnyama vipande wakati huu: misuli iliyoshikamana na mfupa haiwezi kujikunja sana, lakini iliyokatwa ikiwa na joto hujikunja inavyotaka.

Namna ya kumtundika ina matokeo ambayo wachinjaji wetu wengi hawajayatumia. Kwa kawaida mbuzi hutundikwa kwa kano za miguu ya nyuma, na hapo misuli ya mgongo na paja hulegea na kupata nafasi ya kufupika. Akitundikwa kwa kupitisha kulabu katika tundu la mfupa wa nyonga, miguu ya nyuma huning'inia kuelekea chini kwa mbele, na misuli ya mgongoni na pajani huvutika na kukakamaa ikiwa imenyooka. Ifanywe ndani ya saa moja baada ya kuchinja, kabla viungo havijaanza kuwa vigumu. Umbo la nyama litaonekana geni machoni pa mteja, na sarara ya ndani, ambayo ni laini kwa asili, haitafaidika. Lakini steki za paja na mgongo hupata ulaini unaohisika hata kwa mtu asiyeambiwa lolote.

Muda wa kupoza hutegemea mahali. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hushuka mara nyingi hadi digrii 10 au 12. Mbuzi aliyechinjwa jua likitua anaweza kutundikwa katika chumba safi chenye wavu wa kuzuia nzi na hewa inayopita, kisha akapelekwa kwenye friji alfajiri, akiwa amekakamaa vizuri bila kushtuliwa na baridi. Kisumu, iliyo takriban mita 1,130 kando ya ziwa, haikupi nafasi hiyo. Huko joto la mchana hukaribia digrii 30 na usiku haushuki vya kutosha. Uchinjaji ufanywe jioni jua likishatua, nyama itundikwe saa 4 hadi 5 tu mahali penye upepo, kisha ihamishiwe kwenye baridi. Katika joto misuli hukakamaa mapema, kwa hiyo saa hizo zinatosha. Ninasisitiza kwamba ruhusa hii ni ya mnyama mzima aliyekauka kwa nje. Vipande vilivyokatwa, matumbo, maini na nyama ya kusaga visikae nje zaidi ya saa 2, na siku ya joto la Kisumu visizidi saa 1.

Ndani ya saa 24 tangu kuchinja, kitovu cha nyama, yaani sehemu nene ya paja karibu na mfupa, kiwe kimeshuka chini ya digrii 7. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama kitakuonyesha. Mkono wako hautakuonyesha.

Anayenunua buchani ana kazi nyepesi zaidi, lakini lazima aulize swali moja: mnyama amechinjwa lini? Sehemu kubwa ya nyama inayoning'inia asubuhi katika mabucha ya Nakuru, Kisumu au Kakamega imechinjwa usiku huo au alfajiri. Nyama hiyo isiende kwenye friza siku hiyo. Inunue katika kipande kikubwa chenye mfupa, mwombe muuzaji asiikatekate, na uanze hatua inayofuata.

Kulaza nyama kwenye friji

Friji ya nyumbani huwa na joto tofauti katika kila rafu, na namba zilizo kwenye kitufe chake si digrii. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya chini, uache usiku mmoja, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Ikisoma zaidi ya 4, rekebisha. Isiposhuka, friji hiyo haifai kulaza nyama na ni afadhali upike.

Nyama iwekwe juu ya wavu wa chuma uliopakatwa na sinia, ili majimaji yadondoke chini na hewa ipite pande zote, na iwe chini kabisa ya friji ili isidondokee matunda wala maziwa. Kipande kikubwa chenye utando wake kiachwe wazi kwa saa 24 za kwanza. Uso wake utakauka kidogo na kuwa na rangi iliyoiva, na hilo ni jema. Baada ya hapo nyama isiyo na mafuta ifunikwe. Hapa nyama ya mawindo na ya mbuzi zinatofautiana na ng'ombe mnene ambaye hutundikwa wazi kwa wiki kadhaa: pasipo tabaka la mafuta la kuikinga, nyama hukauka hadi ndani na utaishia kukata na kutupa sehemu nzuri. Ifunge kwa plastiki ya jikoni iliyogusa nyama pande zote, au uitie katika mfuko uliofyonzwa hewa ukiweza kuupata.

Muda ninaoupendekeza kwa friji ya nyumbani, ambayo hufunguliwa mara nyingi, ni huu: mbuzi siku 2 hadi 4, ng'ombe mzee siku 3 hadi 5 katika vipande vikubwa, sungura na kanga siku 1, kuku wa kienyeji saa 12 hadi 24. Kware ni mdogo kiasi kwamba usiku mmoja unamtosha. Nyama ya mbuni, ambayo ni nyekundu na ina mafuta machache sana, hulainika vizuri kwa siku 2 au 3 ndani ya mfuko uliofungwa. Bucha yenye chumba cha baridi kinachokaa kati ya digrii 0 na 2 bila kupanda inaweza kulaza ng'ombe siku 7 hadi 14, na kama unafahamiana na mwenye bucha wa namna hiyo, mlipe akulazie kipande chako, kwa kuwa friji ya nyumbani haiwezi kushindana na chumba chake.

Dalili ya kwanza kwamba nyama imevuka ugumu ni kiungo: kunja mguu wa mbuzi au wa kuku, na ukikubali kukunjika bila kurudi, nyuzi zimeanza kuachia. Nyama iliyolala vizuri hubonyea kwa kidole, na harufu yake ni tulivu. Uso ukiwa na utelezi, au harufu ikawa ya uchachu na kuoza, siku ulizohesabu hazina maana tena, itupwe. Nyama ya kusaga, maini, figo na matumbo havilazwi hata siku moja kwa kusudi la kulainisha.

Lazima niseme waziwazi mpaka wa kulaza. Vimeng'enya hukata nyuzi za misuli, lakini kolajeni, yaani ule utando mgumu unaofunga misuli na kuunganisha kano, haiguswi sana. Kwa hiyo sarara, steki ya mgongo na nyama ya juu ya paja hufaidika kwa kulazwa, ilhali muundi, shingo na kidari cha mnyama mzee hubaki karibu vilevile. Kolajeni huvunjwa na joto la maji kwa muda mrefu. Usipoteze nafasi ya friji kwa muundi. Upumzike siku moja tu ili ukakamavu upite, kisha uende kwenye friza ukisubiri supu.

Kukata na kufunga

Nyama ikishalala, ndipo ikatwe. Ondoa sehemu zilizokauka na mafuta ya nje ya mbuzi na ya mnyama wa porini, kwa sababu mafuta huendelea kuingiliana na oksijeni hata ndani ya friza na ndiyo yanayoleta ile harufu ya ukali baada ya miezi michache. Gawa kwa kiasi cha mlo mmoja. Kifurushi kiwe bapa, chenye unene wa sentimita 3 hadi 5, badala ya kuwa donge la mviringo, na sababu yake itaonekana katika hatua ya kugandisha.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Agosti 2017, bucha nyingi hufunga nyama kwa karatasi. Karatasi hiyo inafaa kwa safari ya kutoka sokoni Kibuye hadi nyumbani, lakini friza huipenya: maji ya nyama hugeuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminika, na nyama hubaki na mabaka ya kijivu, makavu, ambayo hata supu hayalainishi. Tumia mifuko minene ya chakula yenye kufungika mdomo. Hewa itolewe kwa kuuzamisha mfuko polepole katika beseni la maji huku mdomo ukiwa juu. Maji husukuma hewa itoke, nawe unafunga mdomo unapokaribia kuzama. Funga mara mbili nyama utakayoiweka zaidi ya mwezi. Andika aina ya nyama, sehemu ya mwili, tarehe ya kuchinjwa na tarehe ya kugandishwa.

Kugandisha upesi

Karibu robo tatu ya nyama ni maji. Maji hayo huanza kuganda takriban digrii 1.5 chini ya sifuri, na mengi yake huwa yameganda kufikia digrii 5 chini ya sifuri. Nyama inayopita masafa hayo upesi hupata chembe ndogo za barafu. Inayokawia hapo hupata chembe kubwa zenye makali, zinazotoboa kuta za seli na kuacha mianya ambayo majimaji yatatokea siku ya kuyeyusha. Nyama yenye mafuta husamehe upotevu huo. Nyama ya mbuzi au mbuni haina kitu kingine cha kuifanya iwe na umajimaji mdomoni, kwa hiyo kila tone linalopotea linahesabika.

Ndiyo maana vifurushi viwe bapa, vitangulie kupoa kwenye friji, na vitandazwe vikigusa ukuta au sakafu ya friza, vikiwa na nafasi katikati, hadi vigande kabisa. Kupangwa juu kwa juu kunafuata kesho yake. Ukiwa na kitufe cha kugandisha kwa kasi, kiwashe saa kadhaa kabla. Usijaze friza kwa mara moja. Friza ya lita 200 ipewe nyama mpya isiyozidi kilo 6 hadi 9 kwa siku, na anayechinja ng'ombe kwa sherehe agawe kazi hiyo katika siku kadhaa, nyama iliyobaki ikiendelea kulala kwenye friji. Halijoto ya kudumu iwe digrii 18 chini ya sifuri.

Vipande vizima vya ng'ombe na mbuzi hubaki na ubora wake kwa miezi 6 hadi 9, kuku mzima hadi mwaka, nyama ya kusaga na maini miezi 3 au 4. Katika friza inayofunguliwa kila saa na watoto, ninashauri upunguze nusu ya muda huo. Kugandisha hakuui bakteria. Huwalaza tu, nao huamka nyama inapoyeyuka.

Stima ikipotea, usifungue mfuniko kuangalia. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi yake kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, kwa hiyo mapengo yajazwe chupa za maji zilizoganda. Gandisha kikombe cha maji, uweke sarafu juu ya barafu, ukiache humo daima. Ukirudi kutoka safari na kuikuta sarafu imezama chini, ujue barafu iliyeyuka yote ukiwa mbali na kuganda upya, na nyama yote hiyo isiliwe, hata kama sasa ni ngumu kama jiwe. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu stima inaporudi inaweza kugandishwa tena, ingawa itapoteza majimaji.

Kuyeyusha

Njia iliyo bora ni friji. Kadiria saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.5, kifurushi bapa cha kilo moja kilichotolewa jioni huwa tayari jioni inayofuata, mara nyingi mapema zaidi. Kiwe ndani ya sinia, rafu ya chini. Kwa nyama ya ng'ombe au mbuzi unaweza kuiacha siku moja au mbili zaidi baada ya kuyeyuka, kwa kuwa vimeng'enya vilivyobaki hurudia kazi yao na nyama huongeza ulaini kidogo. Kuku na nyama ya kusaga zipikwe ndani ya siku 1 au 2.

Ukiwa na haraka, uzamishe mfuko usiovuja katika maji baridi, ubadilishe maji kila dakika 30, na nyama iingie jikoni mara tu inapolegea. Nusu kilo huchukua karibu saa moja. Maji ya moto hayafai, na meza ya jikoni haifai vilevile: nje ya nyama hufikia joto la bakteria kuzaliana wakati ndani bado ni barafu, na Kisumu jambo hilo hutokea ndani ya muda mfupi sana. Nyama iliyoyeyushwa kwenye friji inaweza kurudi friza bila hatari, ubora ukipungua. Iliyoyeyushwa kwa maji au kwa maikrowevu ipikwe kwanza.

Iwapo umepewa nyama uliyo na hakika kwamba iligandishwa ikiwa ya moto, bado kuna namna ya kuiokoa. Usiikate na usiitoe mfupani. Iweke mahali penye baridi kali kuliko pote katika friji, ikiwezekana iliyozungukwa na chupa za barafu, ili iyeyuke kwa siku kadhaa badala ya moja. Inapokaa muda mrefu karibu na kiwango cha kuganda, akiba yake ya nguvu huisha taratibu huku barafu na mfupa vikiizuia isijikunje. Haitafikia nyama iliyolazwa, lakini haitakuwa mpira.

Kuiva

Nyama iliyoyeyuka ifutwe maji, itiwe chumvi, takriban vijiko vidogo 2 vilivyosawazishwa kwa kilo, na ikae na chumvi hiyo usiku kucha kwenye friji; chumvi huisaidia kushika majimaji yaliyobaki. Majani au utomvu wa papai bichi hulainisha, kwa kuwa kimeng'enya chake, papaini, hukata protini, lakini hufanya kazi usoni mwa nyama na huchangamka zaidi joto linapofika digrii 60 hadi 70. Dakika 30 zinatosha kwa vipande vyembamba. Zikizidi, uso wa nyama hugeuka uji na ndani hubaki vilevile.

Muundi, shingo na kuku mzee vipewe maji na moto mdogo. Kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka Nakuru takriban digrii 94 na Kisumu takriban 96, hivyo mapishi yaliyoandikwa na watu wa pwani yatahitaji muda zaidi, hasa Nakuru na milimani. Ingokho, yaani kuku kwa Kiluhya, akiwa mzee na asiyepikwa kwa sufuria ya presha huhitaji saa 2 hadi 3 za kutokota, na moto mkali haumharakishi, maana maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayotokota. Sarara na steki zilizolazwa vizuri zichomwe kwa moto wenye nguvu na kwa muda mfupi, zisikauke, ilhali nyama ya kusaga ifike digrii 71 katikati na nyama yoyote ya ndege ifike 74. Steki ikitoka motoni ipumzike dakika 5 hadi 10 kwenye sahani yenye joto, kisha tazama nyuzi zinaelekea wapi na uikate kwa kuzikingama, vipande vyembamba, kisu kikiwa kimenolewa.